Acheni Mabawa, Chukueni Sharti: Hadithi za Tylwyth Teg kwa Mwandishi wa Mapenzi

(Hotuba kwa waandishi na wasomaji wa simulizi za mapenzi. Imewekwa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha za ukutani zimeachwa.)

Waandishi, wasomaji, na ninyi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti: hamjambo?

Nianze kwa swali. Ni wangapi humu mmeshasoma kwenye simu, hadi usiku wa manane, simulizi ya kijana aliyependwa na jini? Mikono juu. Naam. Karibu ukumbi mzima. Jini mahaba hahitaji kutambulishwa hapa. Huja ndotoni, huona wivu, huvunja posa, na simulizi huishia kwa shehe au kwa mganga. Leo naomba tumwache kidogo. Twende Wales, nchi ya milima na kondoo iliyo magharibi mwa England, tukakutane na mke wa namna nyingine. Huyu haji ndotoni. Anakuja mchana kweupe, anaolewa, na mali anakuja nayo yeye mwenyewe. Anazaa, anafuga, anaalikwa kwenye ubatizo wa jirani. Kisha siku moja anaondoka, na kosa ni la mume.

Nina jambo moja tu la kuwaambia, na nitalirudia mpaka mlichoke: acheni mabawa, chukueni sharti.

Kwanza mabawa. Hayo ya kipepeo mnayoyaona kwenye majalada ya vitabu yameletwa na wachoraji na majukwaa ya England, karne ya 18 na 19. Kwenye masimulizi ya wakulima wa Wales huyakuti. Wao waliwaita watu hawa Tylwyth Teg. Tylwyth ni jamaa wa nyumba moja, ukoo. Teg ni zuri. Ukoo Mzuri. Kusini, upande wa Morgannwg, waliwaita Bendith y Mamau, Baraka ya Akina Mama. Mnadhani waliitwa hivyo kwa kupendwa? Waliitwa hivyo kwa kuogopwa. Jina zuri lilikuwa ngao, maana hujui nani anasikiliza nyuma ya ukuta. Mwandishi, hapo umepewa bure kipimo cha wahusika wako: bibi kizee anasema "Ukoo Mzuri" kwa sauti ya chini, kijana aliyerudi kutoka mjini anawataja kwa kejeli, na msomaji anajua mara moja nani atapata tabu kufikia sehemu ya tano.

Na msiogope tahajia. Mswahili ana bahati kuliko Mwingereza hapa. Dd ya Kiwelisi ni dh yetu ya dhahabu. Ch ni kh ya kheri. Th ni th ya thelathini. F moja ni v, ff mbili ndiyo f, na w mara nyingi ni u. Basi Gwyn ap Nudd ni "Gwin ap Nidh", na ziwa la Llyn y Fan Fach linamalizika kwa "Van Vakh". Iliyobaki ngumu ni ll: weka ulimi kama unataka kusema l, halafu pumua tu pembeni yake. Haya, fanyeni mazoezi nyumbani, msimtemee mtu mate humu.

Tabia yao je? Padri mmoja, Gerald wa Wales, alizunguka nchi hiyo mwaka 1188 akiwa na Baldwin, Askofu Mkuu wa Canterbury, wakitafuta watu wa kwenda vita vya msalaba. Katika kitabu cha safari hiyo aliandika habari za Elidyr. Mtoto wa miaka 12, amechoka na viboko vya mwalimu, anajificha siku mbili chini ya ukingo wa mto uliomong'onyoka. Watu wawili wadogo wanamtokea, wanampeleka kwenye nchi nzuri isiyo na jua, mchana wake wa mawingu, usiku wake hauna mwezi wala nyota. Wenyeji hawali nyama wala samaki. Chakula chao ni maziwa yaliyotiwa zafarani. Nywele zao za dhahabu zinafika mabegani. Na shikeni hili: hawaapi kamwe, kwa sababu wanachukia uongo kuliko kitu chochote. Kila warudipo kutoka huku kwetu huwa wanasema vibaya tamaa zetu na ugeugeu wetu.

Elidyr alikuwa akienda na kurudi, akimsimulia mama yake. Mama akasema: niletee dhahabu. Mtoto akaiba mpira wa dhahabu aliokuwa akichezea na mwana wa mfalme, akakimbia, akajikwaa kizingitini pa mama yake. Wawili waliomfuata wakauokota, wakamtazama kwa dharau, wakaenda zao. Alitafuta njia ile karibu mwaka mzima asiione tena. Hata uzeeni, akiwa padri, hakuweza kusimulia habari hii bila kulia.

Mnaona? Hakuna aliyemlaani, hakuna aliyemgeuza chura. Mlango ulifungwa tu. Watu wasioapa hawana haja ya kiapo, kwa kuwa kwao neno likishatoka limekwisha kuwa. Sisi tunasema ahadi ni deni, lakini deni tunaomba kuongezewa muda. Wao hawaongezi. Ukilishika hilo, sharti katika hadithi zao halitakuwa tena mtego uliobuniwa ili mambo yaharibike. Ndivyo walivyoumbwa, na ndiyo maana linauma.

Sasa tuingie kwenye hadithi yenyewe. Nitakaa hapa, kwa hiyo walio na chai wanywe.

Mtoto wa mjane wa Blaensawdde, karibu na Llanddeusant, anachunga ng'ombe kando ya Llyn y Fan Fach, ziwa dogo chini ya majabali ya Mynydd Du. Anamwona mwanamke ameketi juu ya maji, anachana nywele, na ziwa ndilo kioo chake. Kijana ana nini mkononi? Ana mkate wa shayiri aliofungiwa na mama yake, umekauka. Anamnyooshea. Mwanamke anajibu kwa vina: Cras dy fara, nid hawdd fy nala. Mkate wako mkavu, kunikamata si rahisi. Anazama. Nyumbani mama anashauri: kesho mpelekee unga uliokandwa, usiuoke. Jibu: Llaith dy fara, ti ni fynna. Mkate wako mbichi, wewe sikutaki. Ila safari hii, kabla ya kuzama, anatabasamu. Siku ya tatu kijana anapeleka mkate uliookwa nusu, na huo anaupokea.

Naomba muutazame mkate huo. Mkavu ni wa nchi kavu mno, mbichi ni wa maji mno, na wa nusu uko katikati, mahali pekee ambapo hawa wawili wanaweza kukutana. Hivyo ndivyo ninavyousoma mimi. Mwingine asome atakavyo. Lakini hesabuni kazi iliyofanywa: sehemu tatu za posa, mama mkwe ameshaingia kwenye hadithi, mwanamke ameshaonyesha kuwa anachagua, na bado hakuna aliyesema "nakupenda". Wengi wetu tunaharibu hapa. Tunamtoa mwanamke majini sehemu ya kwanza, sehemu ya pili wako kitandani, sehemu ya tatu tumeishiwa.

Baba anatoka ziwani na mabinti wawili wanaofanana kama shilingi mbili. Chagua uliyempenda, ukikosea, basi. Kijana anatazama, anatazama, haoni tofauti. Mmoja anasogeza mguu mbele kidogo tu, na kijana anaikumbuka namna alivyofunga kamba za viatu vyake. Mguu mmoja, umesogea kidogo! Huo ndio ukiri wa mapenzi katika hadithi nzima, na ameutoa mwanamke.

Kisha mali. Atapewa kondoo, mbuzi, ng'ombe na farasi wengi kadiri atakavyoweza kuwahesabu kwa pumzi moja. Hebu jaribuni wenyewe, pumzi moja, hesabuni kondoo. Mmefika wapi? Yeye hakupanda namba kama ninyi. Alihesabu moja mbili tatu nne tano, moja mbili tatu nne tano, moja mbili tatu nne tano, mpaka pumzi ikakata. Kila mzunguko ni watano. Ndivyo alivyo: ana akili ya shamba, ana haraka, na anajua thamani ya neno lililotamkwa.

Na sharti: atakaa naye mpaka ampige mapigo matatu yasiyo na sababu. Tri ergyd diachos.

Wanahamia shamba la Esgair Llaethdy, karibu na Myddfai. Wanapata watoto watatu wa kiume. Siku ya ubatizo wa jirani mke anasita: njia ndefu. Mume anamwambia akamchukue farasi malishoni. Mke anasema sawa, niletee glavu zangu nyumbani. Mume anarudi na glavu, anamkuta bado amesimama palepale, anampiga begani kwa glavu, kwa mzaha: nenda, nenda! Moja. Kwenye harusi watu wanacheka, mke analia kwa sauti. Mume anamgusa bega, vipi wewe? Analia kwa sababu taabu za wale wawili ndiyo zinaanza. Mbili. Mazishini watu wanalia, mke anacheka. Mume anamgusa, nyamaza. Anacheka kwa sababu taabu za marehemu zimekwisha. Tatu.

Simameni hapo. Mapigo yote matatu yametokea hadharani, kwenye shughuli za watu, pale ambapo mume anaona haya kwa niaba ya mkewe. Kilichomponza ni "watu watasemaje". Je, kuna mwandishi humu asiyejua shughuli ambayo mume anambinya mkewe kiwiko ili afanane na wengine? Onyo: msiyafanye mapigo haya kuwa kipigo. Ukiandika mume anampiga kweli, msomaji hataomboleza mke akiondoka, atashangilia, na atakuwa na haki. Vilevile msiyafanye mepesi hata msomaji asiyaone. Glavu begani: inasikika, haiumi, na haifutiki.

Kwa simulizi ya sehemu 30, mimi ningepanga hivi. Mikate mitatu sehemu ya 1 hadi ya 6. Viatu na hesabu ya mifugo, ya 7 na ya 8. Pigo la kwanza lisizidi ya 12, maana likichelewa msomaji anasahau sharti. La pili ya 18. Kati ya la pili na la tatu weka furaha tupu, sehemu nne au tano ambazo mume amekuwa mwangalifu mno, hata mikono anaifunga nyuma akiwa karibu na mkewe. Hapo ndipo hofu inapopikwa. La tatu ya 24, na neno ITAENDELEA likae hapo.

Kuondoka kwake kuandikeni taratibu. Anatoka mazishini, anarudi Esgair Llaethdy, anawaita ng'ombe kwa majina, mmoja mmoja, kila mmoja kwa madoa yake. Anamwita na ndama mweusi mdogo ambaye ameshachinjwa, ananing'inia kwenye kulabu. Ndama anashuka mzima na kufuata. Maksai wanne waliokuwa wakilima wanaondoka na plau yao, na mfuo walioukata, wanasema wenyeji, unaonekana mpaka ziwani. Zaidi ya maili 6. Mume hasemi kitu, kwani hadithi haimpi hata sentensi moja. Jaribuni ninyi kunyamaza hivyo kwenye ukurasa.

Mwanamke alirudi kwa wanawe, si kwa mume. Alimtokea mkubwa wao, Rhiwallon, akampa maarifa ya tiba na kuwaonyesha mitishamba. Na hapa hadithi inagusa ardhi: Rhiwallon na wanawe walikuwa matabibu wa Rhys Gryg, bwana wa kusini mwa Wales mwanzoni mwa karne ya 13. Dawa zinazotajwa kuwa za Meddygon Myddfai, Matabibu wa Myddfai, zimeandikwa katika Kitabu Chekundu cha Hergest, hati ya kale ya Kiwelisi, na kanisani Myddfai kuna jiwe la kaburi la wapasuaji wawili wa ukoo huo, mmoja alifariki 1719, mwingine 1739. Chukueni mbinu hiyo: malizia kiumbe wa ajabu kwa kitu ambacho msomaji angeweza kukigusa kwa kidole.

Sharti la pili ni chuma. Kaskazini, chini ya mlima Snowdon, bwana wa shamba la Ystrad karibu na Betws Garmon alimkamata mwanamke wa Ukoo Mzuri ngomani. Akakubali kuwa mtumishi ikiwa tu bwana atalijua jina lake. Bwana akawavizia wenzake usiku, akawasikia wakilia: Penelop, dada yetu! Baadaye akakubali kuolewa, kwa sharti la kutoguswa na chuma. Miaka ikapita, watoto wakazaliwa. Siku moja wanakimbiza farasi, mume anarusha hatamu, chuma cha lijamu kinamgusa mke. Hayupo. Usiku mmoja wa baridi akaja dirishani, akasema kwa wimbo: mwanangu asishikwe na baridi, mvikeni koti la babake; binti asishikwe na baridi, mvikeni shimizi ya mama yake. Nguo yake mwenyewe, iliyobaki sandukuni.

Kosa la kiufundi ninaloliona mara nyingi kwenye chuma: mwandishi anataja sharti, halafu jikoni kuna sufuria, visu na misumari, na mke anapika humo mwaka mzima. Kaa na daftari, orodhesha kila chuma cha nyumba hiyo, amua nani anashika nini, kisha chagua kimoja cha hatari na kiingize mapema, kikiwa kitu cha kawaida. Lijamu lionekane ukutani sehemu ya tatu.

Sasa kuhusu macho, na hili ni la wale wanaopenda kuandika kwa nafsi ya kwanza. Wazee wa Garth Dorwen walimwajiri msichana Eilian kwenye soko la watumishi la Caernarfon. Alikuwa akipeleka kazi ya kusokota malishoni usiku wa mwezi, na Ukoo Mzuri walikuja kumwimbia. Akatoroka nao. Yule bibi kizee wa Garth Dorwen alikuwa mkunga. Usiku mmoja bwana mmoja akampeleka kumzalisha mkewe kwenye chumba cha fahari. Akapewa mafuta ya kumpaka mtoto machoni, akaonywa asijiguse. Jicho likamwasha, akalisugua. Kwa jicho moja akaendelea kuona jumba. Kwa jingine akaona pango la mawe makubwa, moto mdogo pembeni, na juu ya kitita cha nyasi na majani makavu, Eilian wake. Baadaye akamwona yule bwana sokoni. Eilian hajambo? Hajambo, lakini unaniona kwa jicho lipi? Kwa hili. Akachukua unyasi, akalitoboa.

Swali ambalo hadithi hailijibu ndilo riwaya yako: Eilian anaona nini? Jumba au pango? Na akiona pango, je, bado anampenda? Msijibu upesi. Kila tukio la nyumbani kwake liandikeni mara mbili kwenye rasimu, kwa kila jicho mara moja, kisha mchague.

Suala la wakati, saa za kwao na saa za kwetu, nitalipitia haraka. Katika bonde la Nedd, Rhys anasikia muziki, anaingia kwenye ngoma ya Ukoo Mzuri. Mwenzake Llywelyn anashikwa kwa tuhuma za kumuua. Mwishowe wanarudi mahali pale, Llywelyn anaweka mguu ukingoni mwa duara huku wenzake wakimshika nguo kwa nyuma, anamvuta Rhys nje. Rhys anadhani amecheza dakika tano. Anaingiwa na huzuni, analala, anakufa. Amueni dakika moja ya huko ni siku ngapi za huku, mwiandike ukutani, msiibadilishe katikati kwa kuwa inawafaa.

Na wanawake wanaopewa nafasi ya kusema? Someni Rhiannon katika tawi la kwanza la Mabinogi, hadithi za kale za Wales. Anapita kilimani Arberth juu ya farasi mweupe anayetembea polepole, na hakuna mpanda farasi anayeweza kumfikia. Siku ya tatu Pwyll, bwana wa Dyfed, amemchosha farasi wake, ndipo anamwomba asimame. Anajibu: kwa furaha, na ingekuwa heri kwa farasi kama ungeomba mapema. Mistari miwili, na mwanamume amekwisha. Mkitaka wanaume wawili wanaogombea mwanamke, yupo Creiddylad: Gwyn ap Nudd, mfalme wa Ukoo Mzuri, anapigana na Gwythyr kwa ajili yake kila tarehe 1 Mei, mpaka siku ya kiyama, na muda wote huo binti anakaa nyumbani kwa babake. Hakuna aliyemuuliza anamtaka nani. Muulizeni ninyi.

Mambo mawili ya kuepuka. Msichanganye: banshee, yule wa kike anayelia kutabiri kifo, ni wa Ireland; sili wanaovua ngozi wakawa watu wengi wao ni wa visiwa vya kaskazini mwa Scotland. Na hadithi za watoto waliobadilishwa, ambapo Ukoo Mzuri wanaiba mtoto wa binadamu na kumwacha wa kwao, zishikeni kwa uangalifu. Ile ya kupika ndani ya ganda la yai inachekesha, lakini imani hiyo iliwaponza watoto halisi waliozaliwa wagonjwa. Isiwe pambo la kusogeza mapenzi yenu.

Najua mnachosubiri kuuliza: msomaji wa mapenzi anataka wabaki pamoja, na hizi zote ni hadithi za kuachana. Kweli. Ila Wales wenyewe wameacha upenyo. Katika masimulizi ya mke wa chuma, kuna yanayosema sheria ya kwao ilimkataza kukanyaga ardhi pamoja na binadamu. Basi mama yake akabuni njia: kipande kikubwa cha udongo wenye nyasi, kielee juu ya ziwa. Mke akawa anaketi juu yake saa nyingi, mume ukingoni, wanazungumza. Hakuvunja sheria hata neno moja, hakukanyaga ardhi. Waliishi hivyo mpaka kifo. Kwa hiyo mkitafuta mwisho mwema, msilifute sharti. Lisomeni tena neno kwa neno, mtafute pale lisiposema kitu.

Dada uliyeinua mkono tangu nilipotaja sufuria, karibu, uliza.